C. V. Raman: Kutoka Ngozi ya Ngoma hadi Duara la Benzeni

Utangulizi

Wasifu ni utanzu unaopakana na sifa. Mwandishi humchagua mtu kwa kuwa amevutiwa na matendo yake, na akishavutiwa huwa vigumu kumtazama kwa jicho kavu. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika wasifu, hata hivyo, anayelitia tembo maji mara nyingi si mgema bali ni yule anayemsifu.

Makala haya yanasimulia maisha ya Chandrasekhara Venkata Raman, mwanafizikia wa India aliyefariki mwaka 1970 na ambaye jina lake hutajwa katika kila maabara inayochunguza mitetemo ya molekuli. Azma yake ni mbili. Kwanza, ni kueleza kwa lugha ya kawaida kitu alichokigundua, hasa kwa kutumia mfano wa benzeni na jamaa zake, yaani hidrokaboni zinazoitwa aromatiki. Pili, ni kuuliza swali ambalo masimulizi mengi juu yake hulipita mbiombio: je, ugunduzi ule ulikuwa wa nani?

Mtoto wa Mwalimu

Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 mjini Tiruchirappalli, kusini mwa India, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Babake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia, na familia ilihamia Visakhapatnam, mji wa pwani ya Ghuba ya Bengal, mtoto angali mdogo. Mali haikuwepo nyingi, lakini vitabu na muziki vilikuwepo. Miongoni mwa vitabu vilivyomwathiri tangu ujanani ni kile cha Mjerumani Hermann von Helmholtz kuhusu hisi ya sauti na misingi ya muziki. Athari ya kitabu hicho itaonekana hapo mbele.

Alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Alijiunga na Chuo cha Presidency mjini Madras akiwa kijana mdogo kuliko wenzake wote, akapata shahada ya kwanza mwaka 1904 na ya uzamili mwaka 1907. Kabla hata ya kuimaliza ile ya pili, mnamo Novemba 1906, makala yake ya kwanza kuhusu mwanga yalichapishwa katika jarida maarufu la fizikia mjini London. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Kwa kawaida kijana kama huyo angepelekwa Uingereza kuendelea na masomo. Daktari aliyempima, hata hivyo, alimwona dhaifu mno kuweza kustahimili baridi ya huko. Kwa kuwa nchini mwake nafasi za mtafiti wa sayansi zilikuwa adimu, Raman alifanya mtihani wa kuingia katika Idara ya Fedha ya serikali ya kikoloni, akaongoza. Mwaka huo huo wa 1907 alimwoa Lokasundari, wakaenda pamoja Calcutta, ambako alianza kazi ya kusimamia hesabu za serikali.

Mhasibu wa Mchana

Calcutta ilikuwa na taasisi moja ambayo wakati huo haikuwa na shughuli nyingi. Ilikuwa Jumuiya ya India ya Kukuza Sayansi, iliyoanzishwa mwaka 1876 na tabibu Mahendralal Sircar kwa michango ya Wahindi wenyewe, kwa imani kwamba watu wa nchi ile waweza kufanya sayansi yao bila ya kungoja kuitwa na mtu. Sircar alifariki mwaka 1904 bila ya kuliona tunda la jitihada zake. Maabara ilikuwepo na vyombo vilikuwepo, ila watafiti wa kuvitumia walikuwa wachache.

Raman alipoigundua jumuiya hiyo aliigeuza kuwa nyumba yake ya pili. Alifika maabarani alfajiri, akarudi nyumbani kuoga na kula, akaenda ofisini, na jioni akapitia tena maabarani hadi usiku. Aliishi hivyo kwa takriban miaka kumi, ukiondoa vipindi alivyohamishiwa Rangoon na Nagpur. Katika miaka hiyo aliandika makala kadhaa wa kadhaa, ilhali mshahara wake ulitokana na vitabu vya hesabu.

Mnamo 1917 Ashutosh Mukherjee, aliyekuwa amekiongoza Chuo Kikuu cha Calcutta kwa miaka mingi, alifanikiwa kumpata awe profesa wa fizikia katika kiti kilichoanzishwa kwa fedha za Taraknath Palit. Kukubali kulimaanisha kupoteza karibu nusu ya mshahara. Raman alikubali.

Ngoma na Bahari

Mambo mawili ya miaka hiyo yanatusaidia kuelewa yaliyofuata. La kwanza ni ngoma. Raman alivutiwa na ala za muziki wa kwao, hususan ngoma ziitwazo mridangam na tabla. Ngozi ya ngoma ya kawaida ikipigwa hutoa mchanganyiko wa masafa, yaani idadi za mitetemo kwa sekunde, ambayo hayapatani. Ndiyo maana twasikia mshindo na si noti. Waundaji wa ngoma hizi za India walikuwa wamegundua zamani kwamba ngozi ikipakwa uji mweusi mzito katikati, masafa yake hupangika kwa uwiano kama wa uzi wa fidla, na ngoma ikaimba. Mwaka 1920 Raman na mwenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha jambo hilo kwa vipimo. Funzo lilikuwa kwamba kila umbo lina mitetemo yake. Ukibadilisha uzito au umbo la kitu, umebadilisha sauti yake. Na ukiisikiliza vyema sauti, waweza kulijua umbo bila ya kuliona.

La pili ni bahari. Mwaka 1921 Raman alisafiri kwenda Uingereza kwa mara ya kwanza kuhudhuria kongamano la vyuo vikuu. Akirejea kwa meli ya Narkunda, alistaajabia ubuluu wa bahari ya Mediterania. Mwanafizikia mashuhuri wa Uingereza, Lord Rayleigh, alikuwa ameandika kwamba rangi hiyo si ya bahari yenyewe bali ni taswira ya mbingu juu ya maji. Raman alikuwa na prizimu ndogo mfukoni inayoweza kuuzima mwanga unaoakisiwa kutoka usoni mwa maji. Aliitumia akiwa sitahani, akaona kwamba mng'ao wa mbingu ulipoondolewa bahari ilizidi kuwa buluu. Rangi ilitoka ndani ya maji yenyewe, kwa kuwa molekuli za maji huutawanya mwanga wa jua. Barua yake kwa jarida la Nature aliiandika kabla hajatoka katika bandari ya Bombay.

Februari 1928

Kutoka hapo mtawanyo wa mwanga ukawa kazi ya maabara nzima. Mwanga wa rangi moja ukipitishwa katika kimiminika safi, sehemu ndogo hutawanyika pembeni, na ilidhaniwa kuwa hutawanyika ukiwa na rangi ile ile. Mwaka 1923 mwanafunzi wake K. R. Ramanathan aliona pamoja na mwanga huo mwingine hafifu wenye rangi tofauti. Walidhani umetokana na uchafu. Kimiminika kilisafishwa tena na tena, lakini mwanga ule haukuondoka. Mapema mwaka 1928 S. Venkateswaran aliona jambo kama hilo katika gliserini, safari hii ukiwa wazi zaidi.

Hapo Raman alimshirikisha kwa ukaribu Kariamanikkam Srinivasa Krishnan, kijana aliyezaliwa mwaka 1898, mwenye akili kali ya nadharia na mikono mitulivu. Kuanzia mwanzoni mwa Februari Krishnan alisafisha kimiminika kimoja baada ya kingine, akaelekeza ndani yake miale ya jua iliyokusanywa kwa darubini, na kutazama kupitia vichujio vya rangi. Kichujio cha kwanza kiliruhusu mwanga wa buluu tu kuingia. Cha pili, upande wa mtazamaji, kiliuzuia mwanga huo huo wa buluu. Kwa mantiki pangekuwa giza. Hapakuwa na giza. Katika vimiminika takriban 60, mwanga wa rangi mpya ulionekana. Tarehe 16 Februari barua ya kwanza ilipelekwa kwa Nature, ikiwa na majina mawili: Raman na Krishnan.

Tarehe 28 Februari walitumia spektroskopu, chombo kinachoutandaza mwanga kulingana na rangi zake, wakaona kwamba rangi mpya haikuwa wingu bali ilijitenga na ile ya asili. Siku iliyofuata magazeti yalitangaziwa habari. Baada ya hapo jua liliachwa, ikatumika taa ya zebaki, ambayo mwanga wake una rangi chache zilizo bayana. Pembeni mwa kila mstari wa zebaki palijitokeza mistari mipya myembamba. Benzeni ilikuwa miongoni mwa vimiminika vya mwanzo kupigwa picha kwa njia hiyo.

Sauti ya Benzeni

Mistari hiyo ilimaanisha nini? Hebu turejee kwenye ngoma. Molekuli ni atomu zilizofungamana, na vifungo vyake vina unyumbufu kama wa ngozi iliyowambwa. Mwanga unapoigonga, mara nyingi sana hurudi kama ulivyokuja. Mara chache mno molekuli hubaki ikitetemeka, na nguvu iliyotumika kuitetemesha hukatwa kutoka kwa mwanga. Mwanga hutoka ukiwa umepungukiwa, na upungufu huo huonekana kama badiliko la rangi. Kiasi kilichopungua ni sawasawa na mtetemo wa molekuli husika. Kwa maneno mengine, sauti isiyoweza kusikika kwa sikio imeandikwa kwa rangi.

Benzeni ni mfano bora. Michael Faraday aliitenga mjini London mwaka 1825, na mwaka 1865 August Kekulé alipendekeza kwamba atomu zake 6 za kaboni zimeungana kuwa duara, kila moja ikishika atomu moja ya hidrojeni. Lakini duara hilo lina umbo gani hasa? Je, vifungo vyake ni vifupi na virefu kwa kupokezana, au vyote ni sawa? Mzozo huo ulidumu kwa miongo mingi.

Molekuli hii ya atomu 12 ina namna 30 za kutetemeka. Kwa sababu ya ulinganifu wa umbo lake baadhi ya namna hizo zina masafa yale yale, hivyo hubaki masafa 20 tofauti. Mstari ulio mkubwa kuliko yote katika spektra ya Raman ya benzeni chini ya mistari ya hidrojeni uko kwenye 992, kwa kipimo cha wanafizikia cha idadi ya mawimbi katika sentimita moja. Ni mtetemo ambao duara lote hupanuka na kusinyaa kwa pamoja, mithili ya kifua cha mtu anayepumua, takriban mara trilioni 30 kwa sekunde. Toluini, ambayo ni benzeni iliyopachikwa kikundi kimoja cha kaboni na hidrojeni, ina mstari wake mkubwa karibu na 1004. Tofauti ndogo kama hiyo yatosha kuwatambua ndugu hao wawili, kama vile sikio lizoefu litambuavyo ngoma iliyopakwa na isiyopakwa.

Isitoshe, mitetemo inaweza kupimwa pia kwa miale ya infraredi, ambayo hufyonzwa na molekuli badala ya kutawanywa. Kanuni ya ulinganifu yasema kwamba molekuli ikiwa na kitovu ambacho kila upande wake ni taswira ya upande wa pili, mtetemo unaoonekana kwa Raman hauwezi kuonekana kwa infraredi, na kinyume chake. Katika benzeni masafa 7 huonekana kwa Raman na 4 kwa infraredi, na hakuna hata moja linaloonekana kwa njia zote mbili. Christopher Ingold na wenzake mjini London walilifuatilia jambo hili kuanzia miaka ya 1930 hadi 1946, wakiweka hidrojeni nzito mahali pa ile ya kawaida na kupima jinsi kila mtetemo ulivyobadilika. Jibu lilikuwa wazi. Duara la vifungo vinavyopokezana lisingekuwa na kitovu kama hicho. Duara la benzeni linacho. Vifungo vyote 6 ni sawa.

Jina la Nani?

Mwaka 1929 Raman alitunukiwa cheo cha Sir, na mwaka 1930 akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Alikuwa mtu wa kwanza wa Asia kuipata tuzo hiyo katika sayansi, miaka 17 baada ya Rabindranath Tagore kuipata katika fasihi. Kwa taifa lililotawaliwa, fahari yake haikuwa ndogo. Ugunduzi ulifanyika Calcutta, kwa vyombo vya kawaida, na watu waliosomea nyumbani.

Lakini tuzo ilikuwa na jina moja. Mjini Moscow, Grigory Landsberg na Leonid Mandelstam walikuwa wameona jambo lile lile katika fuwele za kwazi mnamo Februari hiyo hiyo ya 1928, wakachelewa kuchapisha. Naye Krishnan, ambaye macho yake yalikesha juu ya vimiminika vile, hakutuzwa. Barua ya kwanza ilikuwa na majina mawili. Ile ya pili, iliyoeleza mistari ya spektra, ilikuwa na jina la Raman peke yake, na hali kadhalika makala marefu yaliyochapishwa Calcutta mwishoni mwa Machi. Ulimwengu ukauita ugunduzi huo athari ya Raman.

Ni haki kuyasema yaliyo upande wa pili. Swali lilikuwa la Raman tangu siku ya Narkunda, na yeye ndiye aliyetambua kwamba mwanga ule hafifu haukuwa uchafu bali habari. Katika hotuba yake ya Nobel aliwataja Ramanathan, Venkateswaran na Krishnan. Krishnan mwenyewe aliendelea na kazi kubwa: alipima jinsi fuwele za hidrokaboni aromatiki kama naftalini zinavyoitikia sumaku, na kwa vipimo hivyo aliweza kueleza jinsi molekuli zake bapa zilivyojipanga ndani ya fuwele. Mwaka 1947 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Maabara ya Taifa ya Fizikia mjini New Delhi. Alifariki mwaka 1961. Hata hivyo, kutajwa katika hotuba si sawa na kuwemo katika jina, na mwanafunzi anayekutana leo na neno Raman katika kitabu cha kemia hana njia ya kujua kwamba kidole kimoja hakikuvunja chawa.

Miaka ya Bangalore

Mnamo 1933 Raman alihamia Bangalore kuwa Mhindi wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Sayansi ya India. Aliijenga idara ya fizikia, akaanzisha Akademia ya Sayansi ya India mwaka 1934, akajaribu kuwavuta wanasayansi waliokuwa wakikimbia Ujerumani ya Hitler. Mmoja wao, Max Born, alikaa huko kwa miezi kadhaa kati ya 1935 na 1936. Lakini Raman hakuwa mtu wa kubembeleza. Ugomvi na baraza la taasisi ulimwondoa ukurugenzini mwaka 1937, akabaki kuwa profesa hadi 1948.

Kuna mambo ya miaka hiyo ambayo mpenzi wa Raman angetamani yasisimuliwe. Mwaka 1933 Kamala Bhagvat, baadaye Kamala Sohonie, aliomba kuingia katika taasisi hiyo akiwa na matokeo bora kabisa. Raman alimkataa kwa kuwa ni mwanamke. Kamala hakuondoka, aling'ang'ania hadi akakubaliwa kwa mwaka mmoja wa majaribio, sharti ambalo wanaume hawakuwekewa. Alifaulu, na mlango ukabaki wazi kwa wanawake waliomfuata. Anna Mani alifanya kazi katika maabara ya Raman katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1940, akichunguza spektra za almasi, lakini alinyimwa shahada ya uzamifu kwa hoja kwamba hakuwa na ile ya uzamili. Baadaye alikuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa vyombo vya hali ya hewa nchini mwake.

Aidha, Raman alizozana na Born kwa miaka mingi kuhusu mitetemo ya fuwele. Alishikilia kwamba fuwele ina idadi ndogo ya masafa mahususi, ilhali Born alihesabu kwamba yako mengi yaliyoshikana. Born ndiye aliyekuwa sahihi. Mtu aliyeisikiliza benzeni kwa makini kuliko wote alikataa kuisikiliza hoja ya mwenzake.

Mwaka 1948 alianzisha taasisi yake ya utafiti mjini Bangalore, ambako alichunguza vito, maua na uonaji wa rangi. Alitunukiwa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya nchi yake, mwaka 1954. Alifariki tarehe 21 Novemba 1970, mwili wake ukachomwa katika bustani ya taasisi hiyo, na mti ukapandwa mahali hapo.

Hitimisho

Kuvumbuliwa kwa leza mwaka 1960 kuliipa athari ya Raman uhai mpya, kwani vipimo vilivyochukua saa nyingi sasa huchukua sekunde. Hutumika kukagua dawa, vito na rangi za michoro ya kale. Chombo cha Perseverance kilichotua katika sayari ya Mirihi mwaka 2021 kimebeba ala za namna hiyo, na mojawapo ya shughuli zake ni kutafuta misombo ya kaboni, zikiwemo hidrokaboni aromatiki. Nchini India, tarehe 28 Februari imeadhimishwa kuwa Siku ya Taifa ya Sayansi tangu mwaka 1987.

Makala haya hayakukusudia kumshusha Raman. Ukubwa wake uko pale pale baada ya kumtaja Krishnan, Kamala na Born. Pengine waeleweka vizuri zaidi. Mtetemo ule wa 992 hauko katika kaboni yoyote peke yake. Ukiitoa moja, duara halipo na mstari haupo. Maabara ya Calcutta nayo ilikuwa hivyo. Ni matumaini ya mwandishi kwamba msomaji mmoja wa jarida hili atavutiwa kuandika kwa Kiswahili wasifu kamili wa K. S. Krishnan, kwa kuwa mistari michache aliyopewa hapa haimtoshi.